Mwaka Tuliopimiwa Maneno

Jumamosi iliyopita nilipanda ngazi za jumba moja la mtaa wa Tassia kwenda kumuaga mtu aliyewahi kunikataza kusema. Ghorofa ya sita, bila lifti, na kila nilipotua kupumua nilikutana na harufu ya pilau ikishuka kutoka kwenye paa, ambako wanawake walikuwa wanapika kwa sufuria za kukodi. Sebuleni makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani na viti vya plastiki vimepangwa hadi koridoni, mbele ya milango ya majirani. Picha ya Bwana Wafula ilikuwa juu ya televisheni, tai yake imekazwa mpaka shingo imejikunja, vilevile nilivyomzoea. Binti yake mkubwa, Dorcas, akaja akanishika mkono. "Auntie, utatuambia maneno mawili kuhusu baba. Lakini kamati imeomba kila mtu aandike kwanza, tupitie, ndio tusiaibishane mbele ya pasta." Nilicheka, nikajifanya nimepaliwa. Nikaandika kwamba nilimfahamu marehemu kikazi na kwamba alikuwa mtu wa heshima. Kamati ikaipitisha bila kukata hata nukta, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kupita kwenye familia ile ikiwa nzima. Nikaisoma, watu wakasema amina, nikala pilau na kachumbari, nikashuka ngazi nimejikasirikia. Kila kitu kitamu kuhusu mtu yule nilikuwa nimekiacha nje, na mtu aliyestaafu Bodi ya kukagua michezo ya kuigiza akiwa na cheo kilekile alichoingia nacho alistahili zaidi ya maneno yangu mawili ya adabu.

Basi nitayasema hapa. Habari za wazazi wangu na tulikotoka nitaziacha, hazina kazi katika hadithi hii. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, nakaa kwa dada yangu mtaa wa Baba Dogo, kwenye chumba ambacho harufu ya rangi kutoka kiwandani iliingia asubuhi kabla ya jua. Kila Jumamosi nilikuwa ukumbini. Ulikuwa ukumbi wa mtaa, sisi tukiuita sosho, wenye mabati yaliyotoboka na jukwaa la mbao lililolia kila ulipolikanyaga. Pale ndipo kilipokutana kikundi chetu cha maigizo, Chungu Kimoja. Kiongozi wetu, Swaleh, alikuwa akichanganya rangi kiwandani siku za kazi, na ungeweza kujua wiki ile walitengeneza rangi gani kwa kutazama masikio yake. Alikuwa mtu wa matani, mwenye sauti ya kubomoa ukuta, na alinifundisha kitu ambacho hakuna shule iliyonifundisha: kusikiliza watu wakiongea. Hatukuwa na maandishi. Kila mmoja wetu alitakiwa kuja na sentensi aliyoisikia wiki ile, kwenye foleni ya maji, ngazini, ama ng'ambo ya ukuta wa jirani, na kutoka kwenye sentensi hizo tuliunda mchezo. Mimi nilikuwa hodari wa ukuta wa jirani.

Tulikuwa pia na mtindo wetu mmoja, na ni lazima niueleze vizuri kwa sababu ndio uliotuletea yote yaliyofuata. Katika kila onyesho, mmoja wetu aliketi katikati ya watazamaji kama mtu wa kawaida. Mchezo ukifika mahali penye moto, alisimama akapiga kelele: simamisheni, hayo si kweli! Waigizaji wakasimama. Watu wakaanza kumjibu, yeye naye akawajibu, na mwenye hoja nzito zaidi akapanda jukwaani. Wakazi wa Baba Dogo walilijua hilo na walilipenda kuliko mchezo wenyewe. Kila Jumamosi walikuja wakitazamana, kila mmoja akijaribu kukisia ni nani leo. Kuna mzee mmoja fundi wa viatu alishangiliwa ukumbi mzima kwa sababu alisimama kwenda msalani.

Kati yetu alikuwamo Mama Brayo, mwanamke wa makamo aliyeshona mashati katika kiwanda cha nguo na aliyeigiza mama mkwe kwa namna ambayo wake wa watu walitoka ukumbini wakijifuta machozi ya kicheko. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye mikono isiyotulia. Chumba chake kilikuwa na pazia la maua lililogawa kitanda na viti, na kila kiti kilikuwa kimevishwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, hata redio ilikuwa na chake. Pale ndipo tulipokula baada ya mazoezi, chapati na maharagwe tuliyoyaita madondo, na chai nyingi ya tangawizi. Siku moja, Swaleh akiwa anatania kuhusu wanaume wanaoogopa sindano, Mama Brayo akasema, akiwa bado anasukuma chapati, "Dada yangu hakuogopa sindano. Aliogopa kusema." Akatueleza juu ya Agneta, mdogo wake wa mwisho. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, akauficha zaidi ya mwaka mzima. Alikwenda zahanati mara kadhaa, lakini daktari alikuwa kijana wa rika la kaka zao, na kila mara alimwambia kwamba mwili unamuuma, akarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Mama Brayo aliuona siku alipomsaidia kuoga, na wakati huo hakuna aliyeweza kufanya lolote. "Mdomo wake ulikataa tu kulitaja," alisema. "Titi lake mwenyewe. Na mimi kwenye mazishi nikasema aliugua kwa muda mfupi, kwa sababu watu wa kamati walisema hivyo ndio adabu." Akageuza chapati. Alitaka kulisema jukwaani, mbele ya wanawake wa mtaa, kwa jina la dada yake, na kuwaonyesha mahali pa kujipapasa kama nesi wa zahanati alivyomfundisha. "Nikishasema mara moja mbele ya watu," akasema, "nadhani nitaanza kulala vizuri."

Ndivyo mchezo ule ulivyoanza. Tulikuwa karibu kuuonyesha, msimamizi wa ukumbi akatuita. Alikuwa amepata maagizo kwamba hakuna tena mchezo wa kuonyeshwa pale bila kibali cha Bodi. Malalamiko yalikuwa yamefika huko mjini kwamba Chungu Kimoja kinatukana hadharani. Na hapa sitajifanya mtakatifu kwa niaba ya kikundi: tulikuwa tunatukana. Swaleh alikuwa na mlevi wake, aliyependwa na vijana kuliko kitu chochote, ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila kuzuru sehemu za mwili ambazo mama yangu hakuwahi kuzitaja hata kwa kilugha. Watu walicheka, na sisi tuliamini kicheko ni kibali tosha. Bodi ilitaka kila neno litakalosemwa liandikwe. Kwa kuwa hati yangu ilikuwa nzuri, nikaketi kwa dada yangu nikauandika mchezo mzima, pamoja na mlevi, na nakumbuka nilimfunika mlevi kwa mkono kila dada yangu alipopita.

Ofisi ya Bodi ilikuwa mjini, mwisho wa koridori ndefu yenye mabenchi. Tulikwenda watatu, Swaleh, Mama Brayo na mimi. Bwana Wafula, mkaguzi wa michezo, alikuwa na sweta chini ya koti ingawa kulikuwa na joto, na alituweka tusubiri mpaka alipomaliza mandazi yake, akayafunga yaliyobaki kwenye karatasi na kuyarudisha kwenye droo. Kisha akachukua kalamu nyekundu. Shida ilikuwa kwamba mchezo ulikuwa umejaa Sheng ya mtaani, na Bwana Wafula, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia uchafu, hakujua upi ni uchafu. Ikabidi atuulize. "Hili neno maana yake nini?" Swaleh akatazama dari. "Ni kama... kuonana, mzee." "Kuonana kwa namna gani?" "Kwa karibu." Kalamu ikapita. "Na hili?" Nikasema hilo ni pesa tu. Hakuniamini, akalikata. Alikata na neno la ugali. Tulipofika katikati alikuwa amekwisha kukosa imani na lugha nzima. Akauliza sufuria inafanya nini katika mazungumzo ya mume na mke, na Mama Brayo akamjibu kwamba inapikiwa. Nilikuwa nimejiuma ulimi hadi machozi yakanitoka. Nikiwa na umri nilio nao sasa, naweza kukiri kwamba mlevi alipopunguzwa akawa mcheshi zaidi. Swaleh alilazimika kutafuta vichekesho badala ya kuokota vilivyokuwa vimelala njiani.

Halafu akafika ukurasa wa Mama Brayo. Akausoma kimya, mara mbili. "Hapa hapana," akasema. "Mama mtu mzima anajishika hivi mbele ya watoto wa watu, na analitaja kwa jina. Hii ni aibu."

"Ni ugonjwa, mzee," Swaleh akasema.

"Ugonjwa una adabu zake. Andikeni 'sehemu fulani ya mwili'. Watu wazima wataelewa."

"Dada yangu alikuwa mtu mzima," Mama Brayo akasema.

Hakuinua sauti. Bwana Wafula akaweka kalamu chini, akaitazama karatasi tena kana kwamba kuna mtu amebadilisha kilichoandikwa. Mwishowe akasema hatakata wala hatapitisha, atakuja kuuona mchezo wenyewe kabla ya kuamua. Akatuonya kwamba liwe onyesho la ukaguzi tu, milango ifungwe, asiwepo mtazamaji hata mmoja. Tukaahidi.

Nafikiri alikuwa hajakaa Baba Dogo. Mtaani kwetu ukifunga mlango wa sosho mchana wa siku ya kazi, umetangaza. Kabla hatujamaliza kufagia jukwaa, wanawake wa foleni ya maji walikuwa wameingia kupitia mlango wa nyuma na mitungi yao, fundi wa viatu akaja na kiti chake, wafanyakazi wa zamu ya usiku wakaja wakipiga miayo. Akaja Mama Fardosa pia, ambaye duka lake la jumla ndilo lililouzia mtaa mzima sukari na sabuni. Alikuwa mwanamke wa Kisomali mrefu, mkimya, aliyejifunika vizuri, na hakuwahi kuja kwetu hata siku moja kwa sababu ya mlevi. Swaleh akashika kichwa. Bwana Wafula alipofika akakuta ukumbi umejaa, akasimama mlangoni akiwa na mkoba wake, na msichana mmoja akasogea akamwambia, "Kaa hapa, mzee, bado hawajaanza." Akaketi. Labda hakutaka ugomvi, au labda alikuwa amechoka na safari. Aliketi safu ya tatu, katikati, mkoba mapajani, kati ya fundi wa viatu na mwanamke aliyenyonyesha mtoto.

Tukaanza. Mlevi akapita salama, akiwa amepunguziwa ulimi. Mama mkwe akachekesha. Kisha Mama Brayo akavua kilemba cha mama mkwe, akaja mbele ya jukwaa akiwa yeye mwenyewe, akasema, "Nilikuwa na dada. Alikuwa na uvimbe kwenye titi." Na Bwana Wafula, ambaye hakuwa ameamua kufanya hivyo, nina hakika, akasimama wima na mkoba wake. "Simamisheni hapo! Hilo neno nilisema haliwezi kutumika!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walikuwa wamempata wa siku hiyo. Fundi wa viatu aliyeketi naye bega kwa bega akampiga mgongoni kwa furaha, "Kumbe ni wewe! Na vile nimekaa na wewe hapa saa hizi zote!" Mtu mwingine akasema, "Swaleh, huyu mmemtoa wapi? Cheki koti! Anakaa kama mtu wa ofisi kabisa." Bwana Wafula akainua mkono. "Wananchi, mimi natoka Bodi." Wakazidi kucheka. "Anajua kazi!" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikamtazama Swaleh, Swaleh akanitazama, na hakuna kati yetu aliyejua afanye nini. Kumwambia mtaa kwamba huyu ni wa kweli kungewatoa wote mbio. Kunyamaza kulikuwa hatari zaidi. Tukanyamaza. "Panda juu, mzae, hatukuskii!" wakapiga kelele, na wasichana wawili wakamshika mikono kwa heshima zote, na jukwaa likalia chini ya viatu vyake vyeusi vilivyong'arishwa.

Hapo ndipo Mama Fardosa aliposimama. Watu wote wakageuka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akiongea mbele ya watu. "Baba," akamwambia, "mimi niko upande wako." Bwana Wafula akapumua kwa mara ya kwanza. "Mimi sitaki matusi. Nina mabinti. Huyu Swaleh nimemkataza kuleta ulevi wake dukani kwangu, na ningekuwa mimi serikali ningemfunga mdomo na gundi." Watu wakacheka, Swaleh akapiga saluti. "Lakini nikuulize. Una mke?"

"Ninaye."

"Uvimbe ukimwota hapo, utajua aje?"

"Ataniambia."

"Atakuambia aje? Neno umelichukua wewe."

Kukapita mguno kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho. Bwana Wafula akasema kwamba mke wake hawezi kumficha jambo, na wanawake wote pale ndani, wote kabisa, wakasema "Woiii!" kwa sauti moja. Yule aliyenyonyesha akamwambia, "Mzee, sisi huficha hata bei ya viatu." Hata yeye alicheka. Niliuona mdomo wake ukimponyoka. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, na alipoivaa tena hakuwa akicheka.

"Ninyi mnaniona adui wa maneno," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, tukalazimika kusogea. "Nyumbani kwetu baba alikuwa akirudi jioni anamtukana mama. Kwa mwili wake. Kila kiungo alikitaja kwa jina, na sisi watoto tuko mezani tunakula. Neno hilo mnalosema ni la ugonjwa, mimi nililisikia kwanza pale. Nikiliona kwenye karatasi mkono wangu hukata wenyewe. Mtu akisema maneno hayafanyi kitu, huyo hajawahi kula chakula chake yakipita juu ya kichwa."

Mama Fardosa akaketi taratibu. Mama Brayo alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, kilemba mkononi, akimtazama kama anamtazama mtu wa kwao. Kisha sauti ya kijana mmoja ikatoka nyuma kabisa: "Manze, huyu buda anajua kuigiza!" Na ukumbi wote ukainuka ukampigia makofi, vigelegele, mitungi ya maji ikagongwa sakafuni. Bwana Wafula alisimama katikati ya kelele ile asijue mikono yake aiweke wapi. Mwisho akainamisha kichwa kidogo, kama walivyokuwa wakifanya waigizaji wetu, akashuka, akachukua mkoba wake na kuondoka.

Siku hizi binti yangu anakaa mtaa wa Pipeline na hujirekodi kwenye roshani akiongea na simu, huku nguo za majirani zikining'inia nyuma yake. Watu wengi humtazama kuliko waliowahi kuingia sosho maisha yangu yote. Hana Bodi ya kumsomea kabla hajasema, na kuna siku nasikiliza anayoyasema natamani ningeipata ile kalamu nyekundu. Namwambia, mwanangu, hivyo navyo? Anacheka, ananiambia, "Mathe, wewe si ndio ulikuwa msanii?" Kila baada ya muda serikali huja na maneno ya kulinda maadili, na ninapowasikia watu wakishangilia huwaelewa, kwa sababu kuna uchafu wa kweli na mimi nimeuandika kwa mkono wangu. Ninachojua ni hiki tu. Kalamu huanza kwa mlevi, na kwa mlevi sote tunakubaliana. Haishii hapo. Inakata pesa, inakata ugali, inaiuliza sufuria inatafuta nini kwa watu, na ikifika kwa Mama Brayo imekwisha kuzoea kukata. Nimemweleza binti yangu hivyo. Akaniomba nirudie, aniweke kwenye simu, nikakataa kwa kuwa sikuwa nimesuka.

Baada ya ukaguzi ule, kibali kilifika. Swaleh alikuja nacho kwa Mama Brayo akiwa na masikio ya kijani kibichi, akakiweka kati ya sahani. Mchezo umeruhusiwa. Ukurasa wa Mama Brayo umebaki, ila neno limeondolewa, na badala yake imeandikwa kwa wino mwekundu, kwa hati ya kunyooka: sehemu ya mwili. Chini yake kulikuwa na onyo la kawaida, kwamba atakayekiuka masharti kikundi chake kitafungiwa ukumbi na mwenye kutia sahihi atashtakiwa. Mwenye kutia sahihi alikuwa Swaleh. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mimi, kwa ujana wangu, nilitaka tuseme neno hilo mara kumi kwenye kila mlango wa mtaa. Swaleh alinitazama kwa huruma, akasema kufungwa si kitu, ila kazi ya kiwandani haisubiri mtu, na ana watoto. Kisha akamgeukia Mama Brayo. "Lakini dada ni wako. Jukwaani sitakushikia mdomo. Sema vile utaona." Mama Brayo aliukunjua upande mmoja wa kitambaa cha kiti, akaukunja tena. Akasema hajui. Akasema labda Agneta angemwambia awaachie watu wapate riziki yao. Nilimwona mtu mchangamfu kuliko wote niliowafahamu akiwa amezimika, nikamchukia Bwana Wafula kwa roho yangu yote, nikiwa bado nasikia alivyosema habari za mezani kwao.

Jumamosi ya onyesho watu walijaa hadi madirishani. Habari zilikuwa zimezagaa hadi mitaa ya jirani kwamba Chungu Kimoja kina mwigizaji mpya, mzee mmoja wa koti, anayesimamisha mchezo vibaya sana. Wengine walikuja kwa ajili yake tu. Nami nilipochungulia kupitia pazia, nikamwona. Alikuwa amekuja kuhakikisha masharti yanafuatwa, kama kazi yake ilivyomtaka, koti lilelile, mkoba uleule. Lakini safari hii hakuwa peke yake. Kando yake aliketi mwanamke mwembamba aliyevaa gauni la kwenda kanisani, mkoba wake mdogo mapajani, akitazama kila kitu kwa hamu. Alikuwa amemleta mkewe. Nilimwambia Swaleh, na Swaleh akasema tu, "Basi," akaenda kuwa mlevi.

Mama Brayo alipokuja mbele ya jukwaa na kuvua kilemba, vichwa vilianza kugeuka kabla hata hajafungua mdomo. Walikwisha kumtambua yule mzee. Walikijua kipande hiki, waliohudhuria walikuwa wamewasimulia wasiohudhuria, na Mama Fardosa, safu ya pili, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti chake tayari kumjibu. "Nilikuwa na dada," Mama Brayo akasema. "Alikuwa na uvimbe kwenye..." Akakwama hapo. Sijui kama alikuwa anataka kusema au anataka kutii, na nilipomuuliza miaka mingi baadaye alisema hata yeye hakujua. Alimtazama tu Bwana Wafula. Ukumbi mzima ukamtazama.

Akasimama. Makofi yakaanza, fundi wa viatu akapiga mluzi, "Haya mzee, tusimamishie!" Mkewe aliinua uso kumwangalia, akashangaa, kisha polepole, mbele ya watu wote wale, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe uliokuwa umeshika mkoba. Bwana Wafula akangoja kelele ziishe. Zilichukua muda.

"Leo mimi siigizi," akasema. "Endelea, mama."

Akaketi. Watu wengine walicheka wakidhani huo ndio mzaha wa siku, wengine wakalalamika wamepunjwa, kisha wakatulia mmoja mmoja, kwa kuwa Mama Brayo alikuwa bado amesimama pale mbele bila kilemba na machozi yanamtiririka mpaka shingoni, naye hajishughulishi kuyafuta.

"Titi," akasema. "Titi la kushoto. Aliitwa Agneta." Akainua mkono wake ambao kwa kawaida haukutulia, akauweka mahali penyewe, akawaambia wanawake watazame vizuri vile vidole vinavyokwenda.